Pampu ya kuzamisha au ya nje: ipi ya kubadilishia maji kwenye tangi kubwa la samaki?

Tangi la lita 400 likibadilishwa robo ya maji, ni lita 100, yaani ndoo tano za lita 20. Mgongo unachoka, na mwenye tangi huanza kuahirisha kazi huku samaki wakiumia. Ndiyo maana pampu inafaa.

Kwa bei, ya kuzamisha inashinda: ndogo zake ni nafuu, hazina kelele, na hazihitaji kujazwa maji kwanza. Lakini usidanganywe na namba ya kwenye boksi. Lita 2,000 kwa saa hupimwa bila kupandisha maji. Kadiri unavyoyainua, mkondo unapungua, hadi kimo ambacho hayatoki kabisa. Angalia kimo hicho kabla ya kulipa.

Ya nje ni ghali na ina kelele, na nyingi lazima ujaze maji kwanza. Faida yake ni nguvu ya kusukuma mbali, na mota kukaa nje ya maji. Kwa kamba na samaki wa baharini, kagua isiwe na shaba ndani, kwani huwadhuru.

Matunzo: ya kuzamisha unaifungua mwenyewe, unasafisha feni na kuondoa chokaa kwa siki. Ya nje, sili (kizuizi cha maji kwenye mhimili wa mota) ikivuja, mtafute fundi. Zote mbili huharibika zikizunguka kavu. Na ya kuzamisha, chomoa umeme kabla hujatia mkono majini, kila mara.

Tangi likiwa karibu na bafu, ningenunua ya kuzamisha. Ukivuta kutoka pipa la uani hadi sebule ya ghorofani, ya nje inastahili gharama yake.