Kompyuta ya gemu na kurekodi video kwa laki moja: uzoefu wangu hapa Malindi

Prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RX 6600 ya GB 8, ramu GB 16, madabodi (ubao mkuu) ya B450, pawasaplai ya wati 550. Hiyo ndiyo mashine ninayochezea na kurekodia hapa Malindi, na kwa bajeti ya shilingi laki moja, bila skrini wala UPS (betri ya kushika stima ikikatika), sina mengi ya kuibadilisha. Gemu nyingi inazicheza kwa 1080p, fremu 60 kwa sekunde, huku inarekodi bila kukwamakwama. Ila ukinakili orodha kama hii kutoka kwa video za watu wa Marekani ukaishia hapo, utakuwa umenunua nusu ya kompyuta. Wengi wao hawana hewa ya chumvi, wala stima ya kwenda na kurudi.

Anza na kadi, na swali la kwanza lisiwe inatoa fremu ngapi. Uliza kama ina enkoda. Enkoda ni sehemu ndogo ndani ya kadi yenye kazi moja tu, kukandamiza video inayorekodiwa, ili prosesa ibaki na gemu lake. RX 6500 XT na RX 6400 hazina enkoda kabisa. Madukani utaambiwa ni kadi mpya, bei nafuu, na hayo yote ni kweli, lakini ukibonyeza kurekodi kazi yote inarudi kwa prosesa na gemu linaanza kuchechemea. Tena 6500 XT hutumia njia 4 tu za PCIe (barabara ya data kati ya kadi na madabodi), kwa hiyo kwenye madabodi ya B450, ambayo ni PCIe 3.0, inapungua nguvu zaidi. RX 6600 ina njia 8, na kwenye ubao huohuo hasara yake ni ndogo.

Kwa GTX 1650 ya Nvidia kuna mtego mwingine. Ile ya kwanza yenye kumbukumbu ya GDDR5 ilipewa enkoda ya kizazi cha nyuma. GTX 1650 Super na 1660 Super zina enkoda mpya zaidi, ya kizazi cha Turing, na picha yake ni safi zaidi kwa ukubwa uleule wa faili. Jina linakaribiana, kadi si moja.

Mbona basi nikachukua RX 6600, ambayo ni ya AMD, ilhali enkoda ya Nvidia inasifiwa zaidi? Kwa sababu mimi narekodi kwenye diski, sirushi moja kwa moja mtandaoni. Ukirekodi kwa megabiti 40 kwa sekunde, tofauti ya enkoda hizo mbili huioni kwa macho, na 6600 inaipita RTX 3050 waziwazi kwenye gemu. Ukirusha moja kwa moja kwa megabiti 6, hapo ndipo H.264 (namna ya kukandamiza video) ya AMD inapoonyesha vidoa kwenye majani, maji na moshi. Kwa kazi hiyo chukua RTX 3050 ya GB 8, au RTX 2060 iliyotumika ukiipata nzima. Anayependa Intel, i5-12400 isiyo na herufi F ina enkoda yake ndani ya prosesa, hivyo kadi yoyote inaachiwa gemu peke yake. 12400F haina.

Prosesa na ramu hazihitaji maneno mengi. 5600 ina koa (core) 6 na inakuja na feni yake, inatosha. Usiichanganye na 5600G: hiyo ina kichora picha cha ndani lakini kashe yake (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32, na ukishakuwa na kadi utaona upungufu. Ramu ziwe mbili za GB 8, si moja ya 16, zikae tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Kisha ingia kwenye biosi (mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka) uwashe XMP, yaani kasi kamili ya ramu, la sivyo ramu ya kasi ya 3200 itakimbia kwa 2133 au 2400 na hutaambiwa. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi. 5600 haina kichora picha chake, ukichomeka kwenye madabodi utaona giza tu.

Kwenye OBS Studio, programu ya kurekodi, chagua enkoda ya kadi, weka CQP (kipimo cha ubora) karibu na 20, na faili iwe ya aina ya MKV. Hilo la MKV ni lazima kwetu. MP4 ya kawaida huandika fahirisi yake mwishoni, kwa hiyo stima ikipotea katikati ya kurekodi, faili haifunguki tena. MKV hubaki na karibu kila kitu hadi stima ilipokatika, na OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 baadaye bila kupoteza ubora. Megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5, sawa na GB 18 kwa saa, kwa hiyo diski ya kawaida ya kuzunguka inatosha kwa kurekodia. SSD ibaki ya Windows na gemu.

Video ikirukaruka, usikimbilie kununua kitu. Fungua takwimu za OBS: kuna fremu zilizokosa kuchorwa na fremu zilizokosa kukandamizwa. Za kwanza maana yake gemu limeila kadi yote hadi OBS haikupata nafasi. Wekea gemu kikomo cha fremu 60 na uiendeshe OBS kama msimamizi. Za pili ni enkoda imelemewa. Shusha kiwango chake cha ubora hatua moja.

Sasa stima. Pawasaplai inayokuja bure na kesi iuze au mpe mtu wa kuwashia taa. Soma kibandiko chake: tafuta ampea za volti 12, zidisha kwa 12. Nyingine zimeandikwa wati 450 kwa herufi kubwa na kwenye 12V zina ampea 20, yaani wati 240. RX 6600 peke yake inataka 132. Nunua ya wati 550 yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, ya kampuni inayojulikana.

UPS nayo isomwe kwa wati, si VA. Ya 650VA mara nyingi ni wati 360 hivi. Inatosha mashine hii na skrini kwa dakika chache, muda wa kusimamisha rekodi na kuzima. Pawasaplai nzuri nyingine hazipatani na UPS rahisi inayotoa wimbi la umeme la ngazi-ngazi: stima ikikatika, UPS inashika lakini kompyuta inazima vilevile. Ijaribu siku ya kwanza, gemu likiwa wazi, kwa kuchomoa UPS ukutani. Kifaa cha kulinda friji hakisaidii hapa, maana chenyewe ndicho kinachokata.

Chumvi ndiyo inayoua kompyuta Malindi, zaidi ya joto. Chumvi hunyonya unyevu; ikichanganyika na vumbi juu ya ubao inakuwa utando unaopitisha umeme kidogokidogo. Mashine inayowashwa kila siku hujikausha kwa joto lake. Ile iliyofungiwa nyumba ya ufuoni Silversands msimu mzima ndiyo inayokataa kuwaka. Dalili huanzia nyuma: skrubu za kadi na vifuniko vya chuma vinapiga kutu, halafu matundu ya USB yanalegea. Nunua kesi yenye wavu mbele na chujio linalochomoka, feni mbili zikiingiza na moja ikitoa, ili hewa ipite kwenye chujio badala ya kila upenyo. Usiiweke mkabala na dirisha la upande wa bahari. Osha chujio kila mwezi, pepesa ndani kwa blowa huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke, na miguu ya ramu isafishwe kwa spiriti ya asilimia 99, si mafuta ya dawa ya kutu.

Kaskazi ikikolea, chumba kinafika nyuzi 32, na joto la kadi linapanda kwa karibu kiasi kilekile kilichopanda chumba. Nimepunguza nguvu ya kadi kidogo kwenye programu ya AMD. Fremu zinazopotea ni chache, na feni hazisikiki kwenye maikrofoni, jambo ambalo orodha za gemu hazilitaji.

Kwa kadi za mitumba, RX 580 yenye maandishi 2048SP ni RX 570 kwa jina lingine. Namba hiyo ni idadi ya vichakataji vidogo ndani ya kadi; 580 kamili ina 2304. Programu ya GPU-Z itakuonyesha. Zile HP na Dell ndogo za ofisi zinavutia kwa bei, lakini pawasaplai zake ni za aina yake, kesi hazipokei kadi ya kimo cha kawaida, na i5-6500 yenye koa 4 huchoka ukirekodi.

Mzigo ukitoka Nairobi au Mombasa kwa basi, kadi isafiri kwenye boksi lake, si ndani ya kesi, kwa sababu uzito wake hupasua tundu barabarani. Na kwa B450, kabla ya kutuma pesa, mwambie mwenye duka aiwashe na hiyohiyo 5600 na akutumie picha ya biosi ikionyesha jina la prosesa na ramu zikisoma 3200. Biosi ya zamani haiitambui 5600, na kuisasisha ukiwa Malindi mara nyingi kunahitaji prosesa ya kuazima.