Bolti za tairi za lori la Fuso kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Dar: uzoefu wangu na "herufi ya kampuni"

"Hiyo herufi ni ya kampuni, mama. Haina kazi."

Ndivyo alivyoniambia yule kijana wa dukani, macho yako kwenye simu, bolti yangu kaishika kwa vidole viwili kama nimemletea samaki aliyeoza. Ilikuwa mwaka jana, au mwishoni mwa mwaka juzi, sikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba mvua zilikuwa zimeanza na Gerezani kote ni matope.

Kabla ya hapo alishaniuliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Namaanisha dereva." Dereva ni mdogo wangu wa tumbo moja, na saa ile alikuwa gereji Tabata, habu ya nyuma kushoto iko wazi, anasubiri mimi nirudi na vitu. Bolti mbili zilikuwa zimekatika, na fundi alisema tubadilishe zote nane, kwa sababu mbili zikishakatika zile sita zilizobaki zimekwisha beba mzigo usio wao. Hapo fundi alikuwa sahihi kabisa. Nitamsema baadaye kwa mengine.

Nilibeba sampuli. Nasisitiza hili kwa sababu litarudi. Bolti moja nzima na nati zake mbili, ya ndani na ya nje, nimezifunga kwenye gazeti. Wenye Fuso za zamani za tundu nane mnajua: tairi za nyuma ni mbilimbili, la ndani linabanwa na nati yake ndefu, halafu juu ya hiyo nati ndefu ndiyo linakuja la nje na nati yake kubwa. Na kwenye ncha ya bolti yangu kulikuwa na L imegongwa, inaonekana hata ukifuta grisi kwa kidole. Zile alizonitolea kwenye boksi, na nati zake, zilikuwa na R. Nikamwonyesha. Ndipo akanipa lile jibu la kampuni.

Nikamwambia, mwanangu, mbona kama upande wa kushoto unafungwa kinyume? Akacheka. Sio tabasamu, alicheka, na mwenzake aliyekuwa anahesabu beringi naye akacheka. "Siku hizi magari yote yanafungwa kulia, mama. Hayo ya kinyume ni ya zamani."

Sasa ngoja niwe mkweli, maana nilikuja kuuliza baadaye na hili liliniuma zaidi: hakudanganya kabisa. Fuso mpya, zile zilizotoka Japani kuanzia karibu 2010, zimehamia kwenye mfumo ule wa kimataifa kama wa malori ya Ulaya, nati moja yenye washa bapa inabana tairi zote mbili, na pande zote zinafunguka kama kifuniko cha chupa. Kwa hiyo kijana alikuwa na nusu ya ukweli. Lakini gari langu ni la zamani, sampuli ya zamani ilikuwa mkononi mwake, na nati yangu ina kitako cha mviringo kinachokaa kwenye kikombe cha rimu, haina washa wala nini. Angeitazama tu! Nusu ya ukweli kwenye tairi la lori ni bora ukose kabisa.

Akaniuliza risiti ya mashine au ya kawaida. Bei zilikuwa mbili. Nilichagua ya kawaida. Msinihukumu, nimeshajihukumu.

Fundi akazigonga zote nane, akafunga, gari likatoka. Halikutoa sauti, halikulegea, halikufanya lolote. Tukapanda Ilula, Iringa, kuchukua nyanya. Hata nikaanza kufikiri nilimwonea yule kijana, nikasema pengine kweli ni kampuni.

Tukashuka mlima wa Kitonga salama, matenga yamepangwa hadi juu. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tingo akasema tunanuka mpira. Pancha, nyuma kushoto, tairi la ndani. Kama kawaida, haliwezi kuwa la nje hata siku moja.

Fundi tairi wa pale ni kijana mpole, nguvu anazo. Kaangalia Fuso, tundu nane, upande wa kushoto. Kila fundi tairi wa barabara ile anajua kushoto kwa gari hilo unafungua kwa kuzungusha kulia, hata hajiulizi. Akavika spana, akachomeka bomba refu kupita mimi, akazungusha kulia. Nati ikagoma. Akamwita mwenzake. Wakapanda wawili juu ya bomba, wanaruka. Bolti ikalia *taa!* ikakatika. Wakasema ilikuwa mbovu. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ilipokatika mmoja alianguka akachubuka kiwiko, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nahesabu hasara bila kuelewa kwamba walikuwa wanakaza. Wanakaza! Jua la Mbuyuni mnalijua. Maji ya nyanya yalianza kudondoka kwenye sakafu ya bodi, nzi wakaja kama wameitwa.

Alisimama dereva mmoja mtu mzima aliyekuwa anapandisha kuelekea Iringa. Akachungulia, akalamba kidole, akafuta bolti. "Nani kawafungia R huku?" Akawaambia wazungushe kinyume. Nati ya nne ikaachia kwa mtu mmoja, bila kuruka.

Huyo baba ndiye aliyenieleza kwa nini: L ni ya upande wa kushoto, R ya kulia. Simama ubavuni kushoto, gari likienda mbele tairi linazunguka kinyume cha saa, na mwendo ule ule ndio unaofungua nati ya R. Wajapani wa enzi zile wakageuza meno ya upande huo ili tairi likizunguka lisiisaidie nati kutoka. Alinieleza kwa dakika mbili, kwa heshima, kasimama juani na mzigo wake. Yule wa dukani alikuwa na feni.

Nyanya tukazifaulisha kwenye gari lingine, zilizobaki hai. Mdogo wangu akabaki na gari, mimi nikapanda basi kurudi Dar na kipande cha bolti kwenye mkoba.

Kwanza nikampigia fundi wa Tabata. Hukuona ni R? "Niliona, dada. Nikajua umeamua mwenyewe." Nimeamua! Kama rangi ya pazia!

Dukani nilifika nimejiandaa kupigana. Ukutani wameandika bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kijana akanionyesha maandishi hayo kwa kalamu kabla sijafungua mdomo. Risiti ya mashine sina, nikadai na nini? Nikapandisha sauti hata hivyo. Pazia la nyuma likafunguka, akatoka mzee mmoja, kofia ya mkono, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo katikati ya matusi yangu. Akaomba kile kipande. Hakusema kitu. Akaingia ndani, akarudi na boksi lenye vumbi, akazipanga mezani moja moja, zote nane, kila moja L imetazama juu kwangu. Akazifungia na nati zake kwa mkono mpaka mwisho kuona kama zinakwenda laini.

Wakati anafunga kifurushi akawa ananiambia, polepole, kama anaongea na kifurushi: usipake rangi pale rimu inapokaliana na rimu, rangi ikisagika nati inabaki na nafasi. Futa kutu kwenye vikombe. Ukishafunga, tembea kilomita hamsini hadi mia, simama, ukaze tena, hata kama ni saa nane usiku. Asubuhi gonga kila nati kwa nyundo ndogo, ya kweli inalia, iliyolegea inajibu kwa sauti ya mti. Na ukiona mchirizi wa kutu umeshuka kutoka kwenye nati, usipige picha, simamisha gari.

Alinipunguzia bei. Zile R hakunirudishia hela yake, akasema siku ukiharibikiwa kulia utamshukuru Mungu unazo. Nilikuwa na hasira mpaka nikacheka.

Kwa hiyo nimpe duka hili sifa gani? Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msikanyage. Lakini zile za mzee zipo kwenye gari mpaka leo, tumeshapanda na kushuka Kitonga sijui mara ngapi, na nimezunguka maduka mengine sijaona seti ya kushoto iliyotulia kama ile. Wengine wanakupa L sita na R mbili kwenye boksi moja.

Halafu nikakumbuka nilivyokuwa natoka. Kijana akaniinulia kichwa kutoka kwenye simu, akaniambia, "Siku nyingine mama uwe unakuja na sampuli."

Mkimkuta mzee, nunueni. Mkimkuta kijana peke yake, muulizeni L maana yake nini kabla hamjatoa hela.