Skrubu na gundi za kabati la melamini: pima biti kabla ya kulipa

Makabati ya melamini huharibika kwa namna ile ile: rafu inaachia, ubao unavimba karibu na ukingo, skrubu inazunguka tu bila kukaza. Lawama zote hutupiwa ubao. Mara nyingi ubao hauna kosa. Kosa lilianzia dukani, skrubu ziliponunuliwa bila biti yake, yaani ncha ya drili ya kutobolea tundu lake.

Chipibodi iliyovikwa melamini ni ngumu kwenye nyuso mbili na legevu katikati, maana chembe laini hubanwa juu na chini, zile kubwa zikabaki kiini. Skrubu inayounga rafu na ubavu, yaani ubao wa pembeni wa kabati, huingilia ukingo wa rafu, yaani moja kwa moja kwenye kiini hicho. Nyuzi za skrubu, ile mikunjo inayozunguka shina lake, zikiwa nyembamba na zimesongamana hazipati cha kushika pale.

Skrubu ya kwanza kwangu ni Confirmat, skrubu nene ya chipibodi ya kampuni ya Häfele, 7 x 50 mm, kwa ubao wa mm 16 au 18. Shina ni nene, nyuzi ni pana na zimeachana, na shingo yake laini hujaa vizuri kwenye tundu la ubavu, kwa hiyo uzito wa rafu haubebwi na nyuzi peke yake. Za kuiga zipo, na nyingine zinafaa, ila katika pakiti moja unaweza kukuta vichwa vilivyopinda na matundu ya bisibisi yenye kina kifupi. Kwa kabati la jikoni mimi sibahatishi.

Sasa biti. Confirmat inataka biti ya ngazi, yenye vipenyo tofauti kwenye biti moja: mm 5 kwa sehemu ya nyuzi, mm 7 kwa shingo, kisha mdomo wa mm 10 kwa kichwa. Wanunuzi huangalia vipenyo hivyo na kuridhika. Kitu wasichopima ni urefu wa ile ngazi ya mm 5. Skrubu ya mm 50 ikishapita ubavu wa mm 18, zinabaki mm 32 ndani ya ukingo, kwa hiyo tundu linatakiwa lifike angalau mm 34. Ngazi ikiwa fupi, ncha butu ya skrubu hufika mwisho wa tundu na kuendelea kusukuma. Chembe hazina pa kwenda, melamini inainuka kama jipu, na hakuna gundi itakayoilaza tena. Tundu la mm 4 hupasua ukingo. La mm 6 huzinyima nyuzi mbao ya kuuma. Nenda dukani na rula. Muuzaji atakayekuambia biti yoyote ya mm 5 inatosha, mwachie skrubu zake.

Ukitoboa, bana mbao zote mbili kwa klampu na upitishe biti mara moja, katikati kabisa ya unene: mm 9 kwenye ubao wa 18, mm 8 kwenye wa 16. Anza kama sm 5 kutoka kona. Rafu yenye kina cha sm 56 inatosheka na skrubu tatu kila upande. Malizia kukaza kwa mkono, usimame kichwa kinapolala sawa na uso.

Nafasi ya pili ni doweli, vijiti vya mbao vya kuunganishia, za 8 x 30 mm: tundu la mm 12 kwenye ubavu, mm 20 kwenye ukingo. Havionekani vichwa, lakini bila jigi, kile kiongozi cha kunyoosha biti unapotoboa, usijaribu. Kamu za mm 15, vifungo vya duara vinavyokazwa kwa kuzungushwa, ni za kabati litakalofunguliwa na kuhamishwa, basi. Skrubu za chipibodi za 4 x 50 zinafaa droo, ukitoboa mm 3 kwanza. Zile nyeusi za jipsamu zina shina jembamba na hukatika vichwa, ziache.

Kwenye gundi, gundi nyeupe ya mbao hukauka kwa kunyonywa na nyuzi za mbao. Uso wa melamini haunyonyi. Kwa hiyo inashika ukingo mtupu wa rafu, usiovikwa melamini, na upande wa pili inabanduka kama utando. Itumie ndani ya matundu ya doweli, ambako mbao iko wazi. Kwa ukingo mtupu juu ya uso wa melamini, chukua Titebond Melamine Glue. Imetengenezwa kwa kazi hiyo, na upande mmoja lazima uwe mbao tupu. Gundi ya poliurethani inashika pia, ila hufura povu na kuchafua uso mweupe.

Na hapa wauzaji wanaudhi: gundi iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo, “inashika kila kitu,” na skrubu za kupimwa kwa mkono bila kipimo kilichoandikwa. Unalipa bei ya gundi ya melamini, unapewa gundi nyeupe. Ijaribu kwanza: bandika ukingo wa kipande kwenye uso wa kingine, kibane hadi kesho, kisha kivunje. Ikishika kweli, itang’oka na chembe za chipibodi.

Kama skrubu tayari inazunguka, usitie kubwa zaidi. Panua tundu hadi mm 10, gongomea doweli ya mm 10 yenye gundi nyeupe, acha ikauke usiku mzima, kata ziada, halafu toboa upya kwa mm 5.