Klarineti ya alto kwa bendi: badilisha mdomo kabla ya kubadilisha ala

Ukikabidhiwa klarineti ya alto kwenye bendi ya Marekani, uwezekano mkubwa utapewa ile ya shule: ya plastiki, chapa ya Vito au Bundy, iliyolala stoo miaka. Vidole ni vile vile vya klarineti ya kawaida, ila sauti inashuka. Wiki ya pili tayari unatafuta nyingine. Subiri kidogo, nikupangie chaguo zako kuanzia bora hadi mbovu.

Nafasi ya kwanza naipa kitu ambacho si klarineti: mdomo wa kupulizia. Mdomo unaokuja na ala za shule mara nyingi ndio kitu kibovu kuliko vyote sandukuni. Weka mdomo wa Vandoren B44 na ridi mpya, kile kijiti chembamba kinachotetemeka ukipuliza (wengi hutumia hata ridi za saksafoni ya alto), kisha fundi abadilishe pedi zilizokauka, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu. Usishangae hamu ya kuhama ikakuisha.

Isipokuisha, ya pili ni ala ya Kifaransa ya mitumba: Selmer, Buffet Crampon au Leblanc. Hizi ni za mpingo, mti ule ule wa Kilwa na Lindi, na wapo watakaokuapia kwamba sauti iko kwenye mti. Mimi naiona kwenye mitambo. Ala nyingi za wanafunzi zina tundu moja la rejista, yaani la kupandisha sauti kwenda juu, nalo linabebeshwa noti zote za juu. Noti nyingine hutoka zimebanwa kama mtu mwenye mafua. Zilizo bora zina matundu mawili yanayopokezana yenyewe, wewe huongezi kidole. Ila mpingo hupasuka: kagua sehemu ya juu, chini ya taa, kuzunguka kila tundu.

Ya tatu, Yamaha YCL-631, nayo ya mpingo. Imetulia mkononi, kwangu sauti yake imenyooka mno.

Buffet mpya kabisa? Tamu, lakini ni maelfu ya dola kwa ala ambayo noti zake mara nyingi zinarudiwa na saksafoni au klarineti ya besi. Mkiani naziweka zile mpya za bei ya kutupa zisizo na jina. Vyuma vyake laini, na mafundi wengi hawataki hata kuzigusa.

Dukani nenda na mdomo wako, usijaribu kwa wa muuzaji. Kama mwili una vipande viwili, shika cha chini, bonyeza pedi zote, ziba upande mmoja kwa kiganja na unyonye hewa upande wa pili. Kikishika ulimi, hakivuji. Kisha unganisha, vuka kutoka noti ya La (A) ya katikati kwenda noti ya Si (B), polepole, kwa sauti ndogo. Noti hiyo ya Si ikikataa kutoka mpaka ukandamize vidole, kuna pedi inavuja. Kata bei au iache. Uliza pia kama ina pete ya mkanda wa shingoni, maana dole gumba litakulaumu kabla mazoezi hayajafika nusu.