Jamaa wa ramani na vibali: nyota nne, na ami asinisome

Kama mshaanza kuezua, simameni hapo hapo mnisome kwanza. Mie nilifika shamba Jumamosi asubuhi nikamkuta ami na vijana wawili washashusha makuti upande wa kibla, wanasubiri chai tu waingie kwenye ukuta, na kibali hatuna, ramani ya maana hatuna, hata picha ya hiyo nyumba hatuna ila ile moja ya harusi ya kaka ambayo nyumba imetokea nusu dirisha nyuma ya kichwa cha bi harusi. Nikawaambia hebu acheni. Ami akanuna, akasema nyumba yetu, kiambo chetu, babu yako kaijenga kwa mikono yake, sasa nkitaka kuibomoa namuomba nani ruhusa? Na ukweli na mie nilikuwa na fikra hizo hizo, kwamba ukijenga pale pale palipokuwa na nyumba basi unatia kiraka tu. Kumbe sivyo, na kama si huyu kijana mchoraji ramani nnayetaka kumsifia hapa tungekwama vibaya.

Kijiji sikitaji maana watu wa kule wananijua. Ni kusini ya Unguja, kando ya msitu wa Jozani, ukishapita Pete, kima unawasikia asubuhi kabla ya jogoo. Jozani ni hifadhi ya taifa tokea 2004, na 2016 UNESCO nao wakaliingiza eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka kwenye orodha yao ya biosfia, yaani maeneo ambayo viumbe na watu wanaishi pamoja kwa kuhifadhi, kwa hiyo sie majirani wa msitu tumejikuta tunaishi kwenye ramani ya dunia na choo bado kiko uani. Nyumba yenyewe ya mawe na udongo imepigwa chokaa, vyumba vitatu na ukumbi katikati, jiko pembeni. Mchwa wamemaliza boriti, ukuta wa nyuma una ufa unaingia vidole, masika maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Mama kuhamia mjini hataki, kashasema mie hapa hapa mpaka mnitoe kwenye jeneza. Basi ndugu watano tukachanga.

Sasa mchoraji wa kwanza nilimpata mjini, jina simtaji, ana ofisi ya kiyoyozi na viti vya kuzunguka. Shamba hakutia mguu. Aliniuliza WhatsApp vyumba vingapi, nikamwambia vitatu, siku ya tatu ramani hiyo, laki mbili na nusu. Machoni nzuri, rangi rangi, ila ina gereji. Gereji! Kwetu gari inaishia skuli, ukishuka hapo unakwenda kwa miguu au unapanda gari ya ng'ombe kama una mzigo. Mshale wa kaskazini umeelekea mashariki, choo kimekaa juu ya kisima, na chini pembeni kwa maandishi madogo limebaki jina la kijiji chengine kabisa cha huko kaskazini, yaani kachukua nyumba ya mtu kanibandikia mie. Nilipoipeleka ikarejeshwa pale pale mezani, yule bwana aliyepokea akaniuliza kwa upole tu, "Dada, hii nyumba iko wapi khasa?" Nikaona haya mpaka nikasahau mwavuli. Pesa zangu mpaka leo hajarejesha, ananambia nikitaka marekebisho niongeze laki.

Huyu wa pili nilielekezwa na fundi bati. Ofisi hana, anafanyia kazi kwenye baraza ya kwao na laptopu iliyopasuka kioo, printa hana, kuchapisha anakwenda Darajani. Nikasema haya, tena tumeanza. Lakini jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa vyumba vingapi, aliniuliza "Nyumba ya zamani bado imesimama?" Nikamwambia imesimama, paa nusu. Akasema basi ami asiguse kitu mpaka nije, na Jumapili saa moja na nusu asubuhi yuko shamba na futi kamba na simu yake.

Akaeleza vizuri, nami naandika alivyosema kwa sababu ndo faida yenyewe: nyumba ikiwa imesimama, unaomba kujenga upya makaazi ambayo kila mtu anayaona, yana ukuta, yana mtu anaishi ndani. Ukishaibomoa ukaleta maombi, mtu wa ofisini anaona uwanja mtupu kando ya hifadhi na familia inataka kuweka nyumba, na hilo ni suali jengine na majibu yake mengine. Kwa hiyo akapiga picha kila pembe, ndani, nje, ufa, boriti zilizoliwa, akamsimamisha mama mlangoni akampiga picha na yeye (mama akaenda kubadilisha kanga kwanza, tukasubiri). Akapima, ikatoka mita 9 kwa 7 na nusu bila jiko. Namba hiyo ndo ikawa msingi wa kila kitu, ramani mpya imekaa juu ya alama ya ile ya zamani, imezidi kidogo tu upande wa uani kwa ajili ya choo cha ndani.

Hapo ndo yeye na ami wakagongana. Ami ana mipango yake, anataka ghorofa, juu vyumba viwili vya wageni maana Paje si mbali na wazungu siku hizi wanataka kulala vijijini. Kijana wa watu hakubishana, akamwambia "Ami, nikichora hivyo hii si nyumba ya mama tena, ni biashara, na biashara kando ya hifadhi wataanza kukuuliza mambo ya mazingira kama wanavyowauliza wenye mahoteli. Amua unaomba nini." Ami akaondoka kwenda kuangalia mbuzi. Nyumba ya chini ikapita.

Kilichonifurahisha zaidi ni namna alivyozungumza na mama. Kampa shikamoo yake, kakaa chini mkekani, kamuuliza maji ya masika yanafika wapi. Mama akanyanyuka akamuonesha kwa kidole kwenye ukuta wa ukumbini, kuna mstari kweli, sie watoto wake tumekulia humo hatujapata kuutazama. Akaupima kutoka sakafuni. Msitu wenyewe ule umekaa kwenye bonde la maji ya chini ya ardhi, mvua ikizidi yanapanda juu, kwa hiyo msingi mpya akaunyanyua ukapita ule mstari na zaidi. Hiyo peke yake ilishinda gereji ya laki mbili na nusu.

Akauliza makaa yanawekwa wapi. Nikadhani anataka chai. Kumbe kima punju wanakula makaa, watu wa kule tunajua, wanakula majani ya mikungu na miembe halafu wanakuja kudokoa makaa jikoni, inasemekana yanawasaidia tumboni kwa sumu ya yale majani. Mnyama huyu asili yake ni Unguja tu, duniani kote hayuko pengine ila wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba miaka ya sabini, barabarani kawekewa mpaka matuta asigongwe, kwa hiyo huwezi kumfukuza kwa mawe ukasema ni mwizi. Yeye akachora stoo ndogo ya makaa yenye mlango, pembeni ya jiko. Na mkungu wa uani ambao ami alishaunolea shoka akausogezea ramani, nyumba ikakwepa hatua moja na mti ukabaki. Walipokuja watu kukagua kiwanja mmoja wao aliutazama ule mti, akatazama karatasi, akaandika kitu, sijui nini lakini uso ulikuwa mzuri.

Karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, akalihamisha mbali na kisima, upande ardhi inakoteremkia, na akaandika liwe na sakafu ya zege. Maana kule kwetu ni maweni, jiwe lina matundu kama sponji, ukimwaga kitu hapa kinaibuka kwa jirani. Hili nililijua toka utotoni ila nilikuwa sijaliona kwenye karatasi.

Tukaja kwenye mambo ya ardhi ambayo mie nikidhani ni mepesi. Sote tunajua ardhi Zanzibar ni ya umma tokea Mapinduzi na sheria ya ardhi ya 1992 imeandika hivyo, wewe unachokuwa nacho ni haki ya kuitumia. Sawa, lakini haki hiyo kwetu ilikuwa ya babu, na babu kaacha watoto saba, na mama yangu si mtoto wa babu, ni mke wa mtoto wake. Kijana akasema kabla hatujapeleka karatasi yoyote nataka warithi wote waandike wameridhia, mbele ya sheha, mkuu wa serikali pale kijijini, la sivyo mtu mmoja akija kupinga katikati ya kazi mnasimama. Na minazi mitatu ya mbele ya nani? Nikamwambia ya shangazi, yuko Dar. Basi na shangazi naye, maana kwetu mtu anaweza kuwa na mnazi wake kwenye uwanja wa mwengine na ni mali yake kweli kweli. Shangazi alisaini kwa masharti kwamba nazi zake ziwe zinapelekwa bandarini kila mwezi. Zinapelekwa.

Boriti pia akatuonya. Ami alishapanga kwenda kukata mikokoni kama walivyofanya zamani, akaambiwa msitu una sheria yake tokea 1996 na mikoko imo ndani, usiingie na panga bila kibali, nunua mbao dukani na risiti uweke. Mawe ya ukuta wa zamani akasema msiuze, yapangeni pembeni yarudi kwenye msingi. Tumeokoa tripu kadhaa za gari kwa hilo.

Mchakato wenyewe sasa. Barua ya sheha siku mbili, sheha wetu mtu mzuri. Watu wa hifadhi walikuja wakaangalia mpaka, kijana alikuwa na alama za simu yake kuonesha kwamba sie tuko nje ya mstari wa msitu, wakazilinganisha na zao zikakubaliana, chai wakanywa wakaondoka. Baada ya hapo faili likaingia ofisi moja ambayo siitaji likakaa wiki saba. Wiki saba! Nikienda naambiwa mhusika hayupo, nikirudi mhusika yupo ila kaenda kuswali, nikikaa mpaka arudi naambiwa faili liko kwa mwengine. Kijana alikwenda kulifuatilia mara nne kwa ahadi ya laki moja tu ya ufuatiliaji, na mara ya nne akalikuta chini ya feni limewekewa kikombe juu. Tokea siku aliyopima mpaka kibali kutoka ni miezi minne na nusu, na hapo ofisi ilikuwa haijakataa kitu, faili limesubiri tu.

Bei yake: laki nne na nusu ramani zote pamoja na nakala, laki moja ufuatiliaji, nauli na ada za serikali juu yako. Wengine watasema ghali kwa mtu asiye na ofisi. Mie nimelipa laki mbili na nusu kwa mwenye ofisi nikapata gereji, kwa hiyo msinambie kitu.

Kwa nini si nyota tano? Simu. Wallahi huyu mtu simu hapokei. Unatuma ujumbe asubuhi anakujibu usiku saa tano kwa herufi moja, "s". Nilikaa siku tatu sijui "s" ni sawa au ni siko. Na jengine, alisahau kuchora dirisha la chumba cha mama upande wa uani, mama anataka kuona kuku wake, tukalazimika kuchapisha upya karatasi mbili na gharama ya kuchapisha akanitwisha mie wakati kosa lake, shilingi elfu kumi na mbili, si nyingi lakini nimeziona. Halafu kwenye kupanga vipimo ni mkaidi, nilitaka ukumbi uongezwe hatua moja akakataa katakata, akasema mita zako zishakwisha, ukitaka ukumbi mkubwa punguza chumba chako unacholala mara mbili kwa mwaka. Nikapunguza.

Ukuta sasa uko kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Ami ndo msimamizi, anawapitisha wapita njia kuwaonesha mstari wa maji kama yeye ndiye aliyeugundua. Nambari ya kijana siiweki hapa, nilimuuliza akasema kazi zimemjaa mpaka baada ya Ramadhani, na hata mngeipiga hapokei.