Matembezi ya ndege Mida Creek: fika maji yakianza kujaa

Nimezaliwa pwani na marehemu baba alikuwa mvuvi wa dema, lakini hadi Januari hii ndege wote wadogo wa ufukweni mimi niliwaita kitwitwi. Wakubwa weupe, yangeyange. Basi. Saa tatu nilizokaa kwenye mikoko ya Mida, hori la bahari pwani ya Kenya, na kijana mwongozaji wa pale kijijini zimenifumbua macho, ndiyo maana naandika.

Unashukia barabara kuu ya Mombasa–Malindi, kabla ya kufika Gede. Kuna kidaraja cha mbao kinachoning'inia katikati ya mikoko, na mwisho wake pana kibanda cha kuchungulia ndege. Pesa za kiingilio husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya karibu kupitia ASSETS, mpango wa karo wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, kwa hiyo nililipa kwa moyo mweupe.

Jambo la kwanza ni maji. Siku ya kwanza tulikwenda bure. Kwenye nyumba ya wageni tuliyolala tuliambiwa twende saa yoyote, tukafika saa kumi jioni, bamvua, maji yamepanda mpaka kwenye matawi. Hakuna hata ndege mmoja wa kutazama, na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja akanuna njia nzima. Kijana wa pale akatuambia turudi kesho yake saa nane. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege hutawanyika mbali; yakianza kujaa, huwasukuma kidogo kidogo hadi mbele ya kibanda. Na ndivyo ilivyokuwa.

Nikanyoosha kidole: "Yule ni nani?"

"Mama, jina tuliweke kando kwanza. Mdomo wake ukoje?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Sululu mdomo wake mrefu umepinda chini kama mundu, na kichwani ana michirizi. Yuko mwingine mdogo, mdomo umepinda juu, miguu ya rangi ya chungwa, anakimbia huku na huku kama aliyeangusha pete. Yangeyange niliyedhani namjua ana mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini nyayo zake ni za njano! Nilimwona akiinua mguu mmoja kutoka kwenye tope, akautikisa, ile njano ikang'aa. Miaka hamsini nimemwona ndege huyu na sikuwahi kutazama nyayo zake. Pembeni yake alisimama mwingine wa rangi ya majivu, koo jeupe. Mpwa wangu akasema huyo ni kabila lingine. Kijana akamwambia alinganishe umbo, shingo na mdomo, asishike rangi peke yake. Huyo naye ni yangeyange.

Lakini aliyeniteka ni mla kaa. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene usiofanana na wa ndege yeyote wa pale. Alikimbia hatua chache, akasimama kimya, akadaka kaa, akamtikisa mpaka miguu ikachanguka, akammeza. Huyu huzaliana huko Oman na pwani za Ghuba, kulekule majahazi yalikotoka, na huchimba shimo mchangani akataga humo yai moja jeupe. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kidogo, nikamkumbuka baba.

Kuhusu darubini, usije na ya mzaha. Mjini niliuziwa moja iliyoandikwa 60x60, na muuzaji akaniapia kwamba inaona mpaka mwezini. Picha inatetemeka, na kila ndege amezungukwa na ukungu wa zambarau. Kijana akaniazima yake ya 8x42: inakuza mara 8, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Mwanga unaingia vizuri, mkono unatulia. Zile nyayo za njano nisingeziona bila hiyo. Kama huna, muulize mwongozaji kabla hamjaondoka.

Vaa ndala au viatu visivyoogopa tope, na beba maji ya kunywa, kwani jua la saa nane ni kali.

Mwongozaji hakutuharakisha hata kidogo. Mwisho alituonyesha kitwitwi wa kijivu mwenye mdomo uliopinda kidogo, ambaye huzaliana Siberia. Akasema Aprili, kabla hajaondoka, kifua chake kitakuwa kimegeuka rangi ya matofali, na asiyemjua atadhani ni ndege mwingine kabisa. Mpwa wangu amemchora daftarini kama alivyo sasa, na pembeni ameacha nafasi ya mchoro wa pili. Likizo ya Aprili tunarudi.