Haibridi ya familia hapa Mtwara: gari limenipa raha, gereji imenitia hasira

Kama mtu angeniuliza wiki ile niliyotoka gereji, ningemwambia bila kusita kwamba gari la haibridi, yaani linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme yenye betri yake kubwa, halifai kwa familia inayoishi Mtwara, na kwamba fedha zake azipeleke kwenye gari la petroli la kawaida ambalo kila fundi wa mtaani analijua nje ndani. Leo siwezi kusema hivyo kwa moyo mmoja. Hasira yangu lakini haijapoa, na inamhusu mtu mmoja kuliko inavyolihusu gari lenyewe.

Vipimo vya gari sitavieleza, kwa kuwa vinapatikana popote. Inatosha kusema kwamba ni SUV ya Kijapani iliyokwisha kutumika, yenye injini ya cc 2,500, ambayo niliinunua Dar es Salaam kwa fedha za korosho zangu za Tandahimba, na kadi ya gari ina jina langu. Jambo la kadi nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililokuja kunichoma. Watoto wangu wanasoma mjini, mama yangu yuko Newala, na mashamba yako katikati ya njia hiyo, kwa hiyo nilihitaji gari la kubeba watu, magunia na wakati mwingine mgonjwa, bila kuitafuna kila senti ninayoipata.

Tatizo la gari lilinikuta mwishoni mwa kiangazi, tukirudi kutoka Newala, wakati barabara ile bado ilikuwa na kipande kirefu cha vumbi. Tangu Tandahimba feni iliyo karibu na kiti cha nyuma ilikuwa ikivuma kwa nguvu, na kabla hatujaifikia lami ya Mnivata taa za tahadhari ziliwaka kwenye dashibodi, nguvu ya gari ikapungua, tukaingia mjini usiku kwa mwendo wa pole huku nikiogopa kusimama popote nisije nikashindwa kuondoka tena.

Asubuhi yake nililipeleka kwenye gereji moja kubwa ya hapa mjini, ambayo nilishauriwa niende kwa sababu ina mashine ya kusoma hitilafu. Fundi aliichomeka, akaitazama, akaenda kunong'ona na msimamizi wake. Msimamizi akanijia.

"Mama, betri kubwa imekufa. Ni milioni saba na nusu, na tunaiagiza Dar."

Nikamwomba anionyeshe mashine imeandika nini.

"Hayo ni mambo ya umeme mkubwa, mama, hutayaelewa. Mwambie mzee aje tuzungumze naye."

Nikamjibu kwamba gari ni langu na kadi ina jina langu.

"Kadi ni karatasi tu, mama. Sisi tunazungumza na mwenye nyumba." Kisha, mbele ya mafundi wake na wateja wengine waliokuwa wamekaa pale, akaongeza: "Na korosho si umeshauza? Hela zipo."

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniamsha. Bei ile haikutoka kwenye betri. Ilitoka kwenye mnada wa korosho. Minada ilikuwa imeanza, malipo yalikuwa yameanza kuingia benki, na mtu huyu alikuwa anahesabu fedha za akina mama wa Tandahimba kabla ya kuhesabu nyaya za gari lililo mbele yake. Mkulima wa korosho hupata fedha zake kwa msimu mmoja tu katika mwaka, baada ya palizi, baada ya kupulizia salfa, baada ya kuokota na kubeba magunia hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika na kusubiri mnunuzi atoe bei. Anayezitazama fedha hizo na kuona nafasi ya kubambikiza betri amenikosea kuliko aliyenitukana.

Nilipokataa, alikuja na pendekezo la pili: walikate haibridi, yaani waiondoe betri ile na kuliacha gari litembee kwa petroli peke yake. Wakati huo sikuwa na la kumjibu, ila sasa ninalo, na nataka kila mwenye gari la aina hii alijue. Kwa mfumo wa gari langu, hakuna stata ya kawaida. Injini ya petroli huwashwa na mota ya umeme inayopata nguvu kutoka kwenye betri kubwa, na hata gari linaporudi nyuma, mota ndiyo inayolirudisha, kwa sababu ndani hamna gia ya rivasi. Ukiiondoa betri hiyo, gari haliwi la petroli. Linakuwa bati la kufugia kuku. Msimamizi wa gereji yenye mashine ya kisasa alikuwa tayari kulipwa kwa kazi ya kuliua gari langu, na bado akaniambia mimi ndiye nisiyeelewa.

Kabla sijaondoka, fundi wake alikuwa ameiacha mashine kwenye kiti cha mbele ikiwa bado inawaka, nami nikapiga picha ya kioo chake kwa simu. Kilichoandikwa pale kilikuwa P0A82. Picha hiyo nilimpelekea kijana mmoja wa Mikindani, fundi umeme wa magari, ambaye nilielekezwa kwake na dereva wa magari ya kitalii. Alinipigia hapo hapo. Alisema kwamba alama ya betri iliyochoka ni P0A80, na kwamba ile niliyomtumia inahusu feni inayoipooza betri. Tofauti ya tarakimu moja, na ndani yake mna milioni saba na nusu zangu.

Sina maneno ya kutosha kumsifu kijana huyu. Alinipa kiti, akasema, "Karibu mama, kaa hapa uone mwenyewe." Kwanza alitoa waya wa betri ndogo, ile ya volti 12. Akavaa glavu za mpira, akachomoa kizibo cha usalama cha betri kubwa, kisha akasimama na kusubiri zaidi ya dakika kumi bila kugusa kitu, akinieleza kwamba umeme hubaki umehifadhiwa ndani ya mfumo hata baada ya kuzima, na kwamba nyaya zote zenye rangi ya chungwa haziguswi kwa pupa. Alipofungua upande wa kiti cha nyuma, tuliona sote: filta ya feni ilikuwa imezibwa na udongo mwekundu, nywele na nyuzi za mablanketi ya watoto. Betri hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, na hewa isipopita, joto hupanda, gari hujizuia lenyewe lisiiharibu betri. Alisafisha, akarudisha, akafuta alama kwenye mfumo, na akanitoza shilingi 80,000. Taa hazijawaka tena.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu wengi ndilo wanaloniuliza. Gari langu la zamani, SUV ya petroli ya ukubwa huo huo, lilikwenda kilomita tisa hivi kwa lita. Hili linakwenda kama kumi na tano nikiliendesha kwa utulivu. Kwa anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni karibu lita 667, na tukichukua petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita, ni kama milioni mbili kila mwaka. Bei hiyo hupanda na kushuka kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini kwa Mtwara sijaiona ikishuka kiasi cha kunifanya niibeze akiba ya namna hiyo. Pedi za breki nazo hazijaisha haraka, kwa sababu mota hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri kabla breki zenyewe hazijafanya kazi kubwa. Na nikiwa nasubiri watoto shuleni, au nje ya hospitali ya Ligula jua likiwa utosini, kiyoyozi kinaendelea huku injini imezimika kwa muda mrefu. Raha hiyo siwezi kuiwekea bei.

Hata hivyo, haibridi huokoa zaidi pale gari linaposimama na kuondoka mara kwa mara, kama kwenye foleni za Dar es Salaam. Sisi foleni hatuna. Tuna safari ndefu za mwendo mmoja kwenda Masasi au Lindi, ambako injini ya petroli ndiyo inayobeba kazi na akiba hupungua. Nililipa pia milioni kadhaa zaidi ya bei ya gari kama hilo lisilo na haibridi. Ukijumlisha hizo na betri moja ya milioni saba na nusu, akiba ya miaka mingi imekwisha kabla hujaifaidi.

Lipo na suala la spea, ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalisemi kabisa. Karibu kila kitu cha pekee kinachohitajika kinatoka huko, kwa basi, kwa barabara moja. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, Kusini yote ilikaa inasubiri, na mwenye gari bovu alisubiri na wengine. Hata oili ya injini, ile nyepesi ya 0W-20, huipati kila sheli. Kompresa ya kiyoyozi inaendeshwa kwa umeme mkubwa na inataka oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Fundi wa AC akikuwekea ile aliyoizoea, ameharibu kitu cha fedha nyingi bila kujua, wala hatakuja kukiri.

Nikiyaandika haya hasira inanirudia, na inanirudia kwa sababu teknolojia hii si ya jana. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwaka 1997. Magari haya yanashushwa bandarini kila siku na kuendeshwa hadi huku, kisha mwanamke aliyelinunua la kwake kwa jasho anaambiwa akamlete mume. Nilirudi gereji ile kudai ada ya kupima, nikamwonyesha msimamizi gari linatembea na picha ya mashine yake mwenyewe. Alisema, "Bahati yako, mama." Fedha hakurudisha, na pole hakusema.

Mume wangu anataka tuliuze kabla betri haijachoka kweli. Nimekataa. Gari halijanikosea, na nikikumbuka nilivyokuwa nikijaza tangi la lile la zamani, naona ningelinunua tena hili. Dada yangu wa Nachingwea naye analitaka la kwake, na mara ya kwanza nilimkatalia kwa ukali, kwa kuwa huko aliko vumbi ni jingi zaidi na fundi wa kumwamini hayupo karibu. Juzi nimembadilishia jibu: atafute kwanza, kati ya Nachingwea na Masasi, fundi aliyekwisha kuifungua betri ya aina hii na anayekubali mwenye gari akae pembeni atazame. Akimpata, nitasafiri naye hadi Dar es Salaam kulichagua, na kadi tutaiandika kwa jina lake.